Usiipite Meza ya Maji



Safari hii barua nyingi zimetoka kwa mabinti wanaotaka michezo iwe ndiyo kazi yao. Mmoja yuko Tanga. Anaogelea tangu utotoni, ana miaka 22, ameanza kukimbia na kuendesha baiskeli, na anadhani muda umeshampita. Mwingine yuko kambini huko Bonde la Ufa, anakimbia vizuri, na mtu anayemsimamia amemwambia amkabidhi pasi ya kusafiria na kadi ya benki ili yeye ashughulike na mazoezi tu. Wa tatu hakusema yuko wapi. Anasema hajaona siku zake kwa miezi mitano, na wenzake wamempongeza kwamba sasa mwili umekuwa wa kimichezo.

Huyo wa tatu nimeshamwandikia pembeni, maana jambo lake haliwezi kusubiri gazeti litoke. Lakini ninyi watatu, na wengine mnaosoma kimyakimya, nataka tuzungumze pamoja. Nitaanza na mwanamke aliyelelewa hapahapa Durban ninapoishi, kwa kuwa maisha yake yana jibu la kila mmoja wenu, hata pale alipoanguka.

Anaitwa Paula Newby-Fraser. Alizaliwa Harare mwaka 1962, enzi hizo mji ukiitwa Salisbury, akaletwa Afrika Kusini akiwa mdogo na kukulia Durban. Utotoni alikuwa muogeleaji wa mashindano, na mzuri hasa. Kisha akaacha, kama wanavyoacha mabinti wengi wakifika umri wa kuvunja ungo na kuchoka kuamshwa alfajiri. Akasoma chuo, akaingia kazini. Alikuwa na miaka 22 alipoanza kukimbia, na nia yake ilikuwa kupunguza mwili tu. Mwanzoni mwa 1985 akanunua baiskeli, na wiki chache baadaye akajiandikisha kwenye triathloni yake ya kwanza, mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo. Akawashinda wanawake wote. Baada ya miezi michache akashinda na triathloni ndefu ya Afrika Kusini, na zawadi yake ikawa tiketi ya kwenda Hawaii kwenye Ironman yenyewe.

Kwa msiojua, Ironman ni hivi: unaogelea kilomita 3.8 baharini, unatoka majini unapanda baiskeli kwa kilomita 180, ukishuka unakimbia marathoni nzima, kilomita 42.2. Yote siku moja, saa inahesabu mfululizo, hata muda wa kubadilisha viatu ni wako. Pale Kona, kisiwani Hawaii, barabara inapita katikati ya mawe meusi ya volkano, na joto na upepo vinamkuta kila mtu bila kivuli.

Oktoba 1985 alishika nafasi ya tatu, mwaka haujatimia tangu anunue baiskeli. Mwaka uliofuata alivuka mstari akiwa wa pili, lakini aliyemtangulia, Patricia Puntous wa Kanada, aliondolewa kwa kosa la kumfuata mwenzake kwa karibu sana kwenye baiskeli ili kukingwa upepo, jambo ambalo sheria zinakataza. Ushindi ukawa wa Paula, na 1986 ndio mwaka ambao Ironman ya Hawaii ilitoa fedha za ushindi kwa mara ya kwanza. Akahamia California, akaifanya triathloni kuwa kazi yake. Akashinda tena 1988, 1989, 1991, 1992, 1993, 1994 na 1996. Mara nane. Mwaka 1992 alitumia saa 8, dakika 55 na sekunde 28, mwanamke wa kwanza kushuka chini ya saa tisa pale Kona, na rekodi hiyo ikadumu miaka 17 mpaka Chrissie Wellington wa Uingereza alipoivunja 2009. Jumla ya Ironman alizoshinda duniani ni 24.

Basi wewe wa Tanga, suala la umri tulimalize. Miaka 22 siyo kuchelewa kwa michezo ya masafa marefu. Ushindi wa mwisho wa Paula pale Kona aliupata akiwa na miaka 34. Gerda Steyn, anayetawala mbio za Comrades kati ya Durban na Pietermaritzburg, hakuwa nyota wa riadha shuleni. Alianza mbio akiwa mtu mzima, akifanya kazi ya ukadiriaji majenzi Dubai. Mwaka 2024 alipanda mpaka Pietermaritzburg kwa saa 5, dakika 49 na sekunde 46, na hiyo ni njia ya kilomita zaidi ya 80 yenye vilima vya kukatisha tamaa. Moyo, mapafu na miguu ya masafa marefu hujengwa kwa miaka mingi, na mwanamke wa miaka thelathini anaweza kuwa imara kuliko alivyokuwa ishirini.

Hata hivyo sitaki kukudanganya kwa kukupa nusu ya habari. Paula hakuanzia sifuri. Miguu yake ilikuwa mipya barabarani, lakini majini alikuwa ameshalipa miaka ya utoto, na kuogelea ndiko kunakowashinda wengi wanaoanza ukubwani. Wewe una mtaji huo tayari. Na yeye alikuwa na kitu kingine ambacho mabinti wengi wa mji huu hawakuwa nacho. Alikuwa Mzungu katika Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Fukwe nzuri za katikati ya Durban, pale ambapo leo kila mtu anaogelea, zilitengwa kwa rangi mpaka mwaka 1989. Hesabu mwenyewe: mwaka huo yeye alikuwa ameshashinda Hawaii mara tatu. Hata yeye ilibidi ashindane kama Mzimbabwe, kwa kuwa dunia ilikuwa imeisusia Afrika Kusini michezoni. Pasi ya pili ilimfungulia mlango. Binti wa Kiafrika wa kitongoji cha Umlazi, hapa Durban, aliyezaliwa mwaka uleule wa 1962 hakuwa na bwawa kama lake, wala fukwe zile, wala pasi ya pili, na hatutajua kamwe angeogelea vipi.

Ninachojua ni njia ambayo binti huyo wa Umlazi angepita akienda kazini. Angeshukia Warwick.

Nami hupita Warwick Junction karibu kila siku, kwa hiyo mniruhusu nikae hapo kidogo. Ni pale reli, mabasi, teksi za abiria na madaraja ya barabara kuu yanapokutana pembeni mwa katikati ya jiji. Watu zaidi ya 400,000 hupita kwa siku, na wachuuzi ni maelfu. Kuna Soko la Alfajiri, lililoko tangu 1910. Kuna soko la dawa za asili juu ya kipande cha barabara kuu kilichojengwa kikaachwa bila kumaliziwa, na leo mizizi, magome na mafungu ya majani yamejaa pale ambapo magari yangepita. Kuna wauza shanga. Na kuna wanawake wawili-watatu kila kona ambao, kwa maoni yangu, wanajua habari za masafa marefu kuliko makocha wengi: wanaochemsha mahindi kwenye mapipa, na wanaopika vichwa vya ng'ombe.

Yupo mama mmoja ninayenunua mahindi kwake. Pipa lake ni lile la mafuta, limekatwa juu, moto chini, mvuke unampiga usoni mchana kutwa. Mahindi yanakuja yakiwa na maganda. Anamenya kwa mkono mmoja huku mkono mwingine ukishika koleo ndefu ya kutolea yaliyoiva. Amekuja tangu alfajiri kwa teksi ya kwanza, na atasimama mpaka watu wa jioni waishe. Sasa angalia anachofanya. Inapokaribia saa nne asubuhi, foleni iwe fupi au ndefu, anamwita jirani yake amshikie koleo. Anageuza kreti la plastiki, anakaa, anavua viatu, anakula. Mkate mzito uliopikwa kwa mvuke na nyama ya kichwa kutoka kwa mwenzake wa upande wa pili, yenye chumvi na pilipili. Chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha, kutoka kwenye chupa ya jamu. Mteja akimhimiza anamwambia kwa adabu, subiri baba, na mimi ni mtu. Baada ya hapo anavaa viatu na kurudi motoni mpaka mchana, kisha anarudia.

Nilimuuliza kwa nini saa nne wakati wateja ndio wengi. Akaniambia ukisubiri mpaka uhisi njaa, umeshachelewa, mikono inaanza kuangusha vitu, na ukiungua huku foleni ipo nani atakuuzia.

Sasa turudi Hawaii, mwaka 1995, kwa kuwa hapo ndipo penye somo ambalo medali zote nane haziwezi kukufundisha.

Paula alikuwa na miaka 33, ameshinda mara saba. Siku ile alishuka kwenye baiskeli akiwa mbele kwa mbali sana, akaanza marathoni akiwa na uongozi wa kumtosha mtu yeyote. Nyuma yake alikuwa Mmarekani Karen Smyers, akila ule uongozi kidogo kidogo, kilomita baada ya kilomita. Paula akajua anafukuzwa. Na bingwa mzoefu kuliko wote barabarani akafanya kosa la mwanafunzi: akaanza kuzipita meza za maji bila kuchukua kitu, ili asipoteze sekunde.

Mnajua meza za maji. Ni zile meza za pembeni, vijana wamenyoosha vikombe, maji, vinywaji vya chumvi na sukari, barafu, ndizi. Kupunguza mwendo pale kunakugharimu sekunde chache. Alizipata zile sekunde. Halafu, akiwa ameshaingia mjini, kwenye mtaa wa mwisho, mstari wa kumalizia ukiwa karibu, watu wamejaa pande zote, miguu ikakataa. Akayumba. Smyers akampita. Paula akasimama, akashika kichwa, akaketi chini barabarani, akalala. Akavua viatu. Watu wakammwagia maji, lakini sheria zinasema ukisaidiwa kutembea umeondolewa. Alikaa pale takriban dakika 20. Kisha akainuka, peku, akatembea mpaka mstarini. Nafasi ya nne.

Wengi wakisimulia habari hii hutilia mkazo kuinuka. Magazeti yanapenda mwanamke anayeinuka. Mimi dada yenu naomba mtilie mkazo zile meza. Ushupavu alikuwa nao tangu asubuhi, haukupungua hata chembe. Kilichopungua ni maji, sukari na chumvi mwilini. Ushupavu haugeuki sukari ya damu. Ukishatumia akiba ya wanga iliyomo kwenye misuli na ini, na kwa mwendo ule inaisha ndani ya saa chache, mwili unategemea unachouwekea njiani, na usipouwekea utakuzima ukiwa umesimama. Yeye mwenyewe alisema baadaye kwamba mwaka ule alijichosha kwa mazoezi kupita kiasi hata kabla ya kufika Hawaii. Maana yake meza alianza kuzipita miezi kadhaa nyuma.

Na msidhani ni habari za zamani, watu wakiwa hawajui. Oktoba 2025, palepale Kona, Lucy Charles-Barclay wa Uingereza alijitoa katikati ya mbio kwa joto, na Mmarekani Taylor Knibb, aliyekuwa akiongoza, akaishiwa nguvu kabisa zikiwa zimebaki kilomita chache. Aliyeshinda ni Solveig Løvseth wa Norwei. Wanasayansi wa lishe wapo, saa za mkononi zinahesabu kila kitu, na bado mwili wa binadamu ni uleule.

Nikiwa hapo, niseme na upande wa pili, kwa sababu nikisema kunywa kuna atakayekunywa ndoo. Maji matupu yakizidi mno katika mbio ndefu hushusha chumvi ya damu, na hilo limeshaua wakimbiaji. Kunywa kwa kiu na kwa mpango uliojaribiwa mazoezini, na katika mbio ndefu weka chumvi na sukari. Siku ya mashindano siyo siku ya kujaribu kinywaji kipya.

Mdogo wangu wa tatu, hapa ndipo ulipo wewe. Miezi mitano bila hedhi ni mwili wako kupita meza ya maji kila siku. Nitakueleza jambo hili linavyokwenda ili asikudanganye mtu. Mwili ukipewa chakula kidogo kuliko kazi unayoufanyisha, unaanza kubana matumizi. Unafunga kwanza vile ambavyo haviuzuii kuishi leo: uzazi, ujenzi wa mifupa, kinga ya maradhi. Hedhi inakata kwa kuwa homoni zimeshuka, na homoni hizohizo ndizo zinazolinda mifupa yako. Mifupa ya mwanamke hujazwa mpaka miaka ya ishirini na kitu. Ukiikosesha sasa, hutairudishia yote baadaye. Ndiyo maana mabinti wa namna hii huanza kuvunjika mifupa ya mguu kwa nyufa ndogondogo, bila kuanguka wala kugongwa. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko rasmi la wataalamu juu ya tatizo hili, na likawataka makocha na madaktari wa timu walichukulie kama ugonjwa. Wenzako waliokupongeza hawakukutakia mabaya. Wamerithi maneno tu.

Kwa hiyo kwanza pima mimba, usione haya, kwa kuwa hilo ndilo swali la mwanzo ambalo daktari yeyote atakuuliza. Kisha nenda hospitali, mwambie daktari kwa maneno yaliyo wazi: nafanya mazoezi saa fulani kwa siku, nakula hivi na hivi, hedhi imekata miezi mitano. Omba kupimwa damu, na kiwango cha madini ya chuma usikisahau. Punguza mazoezi mpaka upate majibu. Na ule. Ugali, maharage, samaki, mayai, maziwa, viazi vitamu, parachichi, na ule mapema baada ya mazoezi, usingoje jioni. Kama kocha wako anawapima uzito mbele ya wenzenu na kuwatania, huyo hafai kukufundisha, hata awe ametoa mabingwa kumi.

Sasa wewe wa kambini. Barua yako niliisoma nikaiweka chini, nikatoka nje kwanza.

Usimpe kadi yako ya benki. Usimpe pasi yako. Wala usimpe namba ya siri ya simu unayopokelea pesa. Anaweza kuwa mtu mwema kabisa, sina ugomvi naye, lakini mtu mwema hahitaji vitu hivyo ili akufundishe kukimbia. Kocha hulipwa asilimia iliyoandikwa kwenye karatasi mliyotia saini nyote wawili, na kila mmoja ana nakala. Wakala wa mashindano hutumiwa nakala ya pasi kwa ajili ya viza, na pasi yenyewe inarudi mfukoni mwako. Zawadi ya ushindi iingie akaunti yenye jina lako peke yako, kisha wewe ndiwe uwalipe wengine. Siyo kinyume chake.

Najua utasema dada anakuza mambo. Sikuzi. Agnes Tirop, mkimbiaji wa Kenya, alikuwa na miaka 25. Septemba 2021 huko Ujerumani alikimbia kilomita 10 kwa dakika 30 na sekunde 1, rekodi ya dunia kwa mbio za wanawake pekee. Mwezi mmoja baadaye alikutwa amechomwa kisu nyumbani kwake Iten, na mumewe akashtakiwa kwa mauaji. Rebecca Cheptegei wa Uganda alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris Agosti 2024. Wiki chache baada ya hapo mwanaume aliyekuwa mwenzi wake alimmwagia petroli na kumwasha moto nyumbani kwake Trans Nzoia, Kenya. Alifariki Eldoret tarehe 5 Septemba. Kulikuwa na ugomvi wa kiwanja na nyumba aliyojenga kwa jasho lake. Wanariadha wa Kenya wenyewe, baada ya kumzika Agnes, walianzisha Tirop's Angels kuwasaidia wanawake wanaoteswa majumbani na kambini. Wapo, watafute kabla mambo hayajafika mbali. Na ukiona mwanaume, kocha au mchumba, anataka kujua pesa imeingia lini kuliko anavyotaka kujua goti lako linaendeleaje, usimwonee haya. Mwambie mama yako, mwambie mwenzako mmoja unayemwamini, na uhamishe fedha.

Kiwanja kiandikwe jina lako. Hati ya umiliki ihifadhiwe benki au kwa ndugu uliyemchagua wewe. Risiti za malipo zipige picha uzitume kwenye barua pepe yako. Hayo nimejifunza zaidi kutoka kwa akina mama wa Warwick kuliko kwa mwanasheria yeyote. Mwaka 2009, Kombe la Dunia la soka la Afrika Kusini likikaribia, jiji lilitaka kubomoa Soko la Alfajiri lijengwe duka kubwa la kisasa. Wachuuzi waliandamana, wakapigwa risasi za mpira, wakaenda mahakamani, wakagoma kuondoka. Mpango ukafa, na soko lipo mpaka asubuhi ya leo, nyanya na bizari zimepangwa. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Durban ikaamua kwamba sheria ndogo ya jiji iliyoruhusu polisi kuchukua bidhaa za wachuuzi ovyo ni kinyume cha katiba. Kesi ile ilianza na mchuuzi mmoja aliyenyang'anywa viatu vya thamani ya mia chache za randi na ambaye angeweza kusema potelea mbali. Shirika la Asiye eTafuleni, lenye ofisi zake palepale sokoni, limekuwa nao katika mambo haya. Utamwona mama ana meza ya tangawizi na ndimu, ukimuuliza kibali atakutolea ndani ya mfuko wa plastiki, kimekunjwa mara nne, hakina doa la maji. Ikiwa mwenye meza ya tangawizi anatunza karatasi zake hivyo, wewe mwenye mkataba wa kampuni ya viatu utaachaje wako kwenye droo ya mtu mwingine?

Nirudi kwa wa Tanga, kwa kuwa uliniuliza na swali la mwisho, uache kazi au usiache.

Usiache bado. Paula aliacha kazi na kuhama nchi akiwa ameshajipima Hawaii. Hakuanza kwa kuruka. Mchezo huu ni wa gharama kuliko mbio: baiskeli ya mashindano peke yake inaweza kufikia bei ya pikipiki mpya au kuizidi, kuna viingilio, nauli, mipira, minyororo, miwani. Mshahara wako mdogo ndio mfadhili wako wa kwanza, na ni mfadhili asiyekuwekea masharti ya ajabu. Ogelea kabla ya kazi, maana bahari unayo. Usiogelee peke yako, hata uwe hodari vipi. Tafuta mwenzako, au mvuvi mwenye ngalawa akuangalie, na muulize habari za maji kujaa na kupwa kabla hujaingia. Endesha baiskeli uliyo nayo, ya kazi ikiwa ndiyo hiyo, Jumapili asubuhi barabara zikiwa hazina malori. Kofia ngumu vaa. Kimbia mara tatu kwa wiki, polepole kiasi cha kuweza kuongea. Siku moja ya wiki usifanye lolote, na siku hiyo usiione kama deni.

Kuhusu mashindano, usianze na Ironman nzima. Ipo nusu yake: kuogelea kilomita 1.9, baiskeli 90, kukimbia 21.1. Durban ilianza kuandaa mashindano ya nusu hiyo mwaka 2016, lakini kwako wewe yapo ya karibu zaidi. Tangu Agosti 2022 yamekuwa yakifanyika Rubavu, Rwanda, ukingoni mwa Ziwa Kivu. Kutoka Tanga unafika kwa basi, safari ndefu lakini siyo ya viza ya Marekani. Jipe miaka miwili. Mwaka wa kwanza shiriki mbio fupi za hapo nyumbani na ujifunze kula ukiwa kwenye mwendo, kwa kuwa tumbo nalo hufundishwa, halizaliwi linajua. Jaribu ndizi, jaribu tende, jaribu kashata, jaribu uji mwepesi wenye chumvi kidogo kwenye chupa. Kila mazoezi marefu andika kwenye daftari ulikula nini, saa ngapi, na tumbo lilisemaje. Baada ya miezi sita daftari hilo litakuwa na thamani kuliko baiskeli.

Ukishajua tumbo lako linataka nini, ndipo uniandikie tuzungumze habari za baiskeli. Usinunue ya mtandaoni kwa picha. Kipimwe kimo chako kwanza, urefu wa mguu wa ndani na wa mkono, kwa maana baiskeli kubwa kwako itakuumiza mgongo kabla ya mwezi kuisha. Na risiti iandikwe jina lako.

Dada yenu, Durban.